Kompyuta iliyotengenezwa mara tatu ikaharibika mara nne: uchambuzi wa kisa cha makosa ya fsck

Mazingira

Kisa hiki kinahusu fsck, programu ya Linux inayokagua na kurekebisha mfumo wa mafaili. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya kawaida kabisa: diski moja ya SATA ya GB 500, RAM mbili za GB 4 kila moja, na Linux iliyokaa juu ya mfumo wa mafaili wa ext4, yaani utaratibu wa kupanga mafaili diskini. Diski ilikuwa na sehemu mbili tu, ile ndogo ya kuwashia na ile kubwa, `/dev/sda2`, iliyobeba vyote vilivyobaki: programu za mfumo pamoja na kazi za watumiaji. Majina ya wahusika, shughuli zao na majina ya mafaili nimeyaondoa. Namba za inodi (kadi za mafaili) na bloki (vipande vya diski vinavyobeba data) nimeziacha, kwa sababu kisa chote kimejificha ndani ya namba hizo na hazimtambulishi mtu yeyote.

Mashine ilitumiwa na watu watatu. Mmoja wao, nitamwita msaidizi, ndiye aliyekuwa akiitwa kila kitu kilipokwama, si kwa kuwa alisomea kazi hiyo bali kwa kuwa hakuogopa terminali. Nakala rudufu ilikuwepo kwenye diski ya nje, ikichukuliwa kila mtu alipokumbuka.

Kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe kulikuwa na vijimambo. Kivinjari kilijifunga bila sababu. Faili la zip lililopakuliwa lilikataa kufunguka, likapakuliwa upya, likafunguka. Programu moja ililalamika kwamba maktaba yake ni mbovu, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, lalamiko likaisha. Kila mmoja alikuwa na lake la kulaumu: mtandao, toleo jipya la programu, uzee wa mashine. Hakuna aliyeziweka dalili hizo kwenye mstari mmoja, na sidhani ningeziweka mimi pia kama ningekuwa nimekaa pale.

Kilichotokea kabla sijaitwa

Asubuhi moja kompyuta haikufika kwenye ukurasa wa kuingilia. Iliishia kwenye skrini nyeusi yenye alama ya `(initramfs)`, mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, na juu yake:

```
/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY.
```

Maana yake ni kwamba ukaguzi wa kawaida wakati wa kuwasha, ule unaorekebisha wenyewe mambo madogo yasiyo na hatari, umekutana na jambo usilothubutu kuliamulia. Mashine inasema: mimi nimefika mwisho, sasa aamue mtu.

Msaidizi akaandika `fsck /dev/sda2`. Maswali yakaanza kumiminika, akawa anajibu `y`. Aliniambia baadaye, "Fundi, nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, ndipo nikajua kuna `-y`." Akaianza upya na `fsck -y`, yaani kila swali jibu lake liwe ndiyo. Mwishoni yakatokea maneno haya yenye nyota pande zote:

```
/dev/sda2: ***** FILE SYSTEM WAS MODIFIED *****
```

Kompyuta ikawaka. Watu wakapiga makofi, kazi ikaendelea. Maneno hayo husomwa kama "imepona", lakini yanachosema ni "imebadilishwa", basi.

Saa chache baadaye hakuna faili lililokubali kuhifadhiwa. Mfumo wa mafaili ulikuwa umejigeuza kuwa wa kusomwa tu. Mpangilio huo ni wa makusudi, unaitwa `errors=remount-ro`: kerneli (kiini cha Linux) ikigusa metadata (taarifa zinazoeleza mafaili na mahali yalipo) isiyoeleweka inafunga mlango wa kuandika ili isizidishe uharibifu. Msaidizi akawasha upya, akakutana na skrini ileile, akaendesha `fsck -y` mara ya pili. Kesho yake mara ya tatu. Safari hii orodha ya makosa ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, jambo lililomtia shaka, na hapo akafanya kitu kimoja ambacho baadaye kilikuja kutuokoa: akatoa simu, akapiga picha skrini, moja baada ya nyingine, mpaka orodha ikaisha.

Baada ya mara ya tatu kompyuta iliwaka, ikafanya kazi nusu siku, ikajifunga tena. Ndipo nikaitwa.

Uamuzi wa kwanza: hakuna kuandika tena

Nilisema mashine izimwe na isiwashwe tena kutoka kwenye diski yake. Sababu ni rahisi: kila inapowaka inaandika kumbukumbu za mfumo, mafaili ya muda, historia ya kivinjari, na kila bloki inayoandikwa huenda ikaangukia mahali ambapo data iliyopotea bado imelala. Nikawasha kwa flashi yenye Linux ya kuendeshea moja kwa moja, na sikuipachika `/dev/sda2` popote.

Kisha nikafanya kosa langu la kwanza. Nilishakuwa nimeamua kichwani kwamba tatizo ni diski. Katika kazi hii ukisikia fsck inarudi na makosa kila siku, mkono unakwenda wenyewe kwenye `smartctl`, chombo cha kusoma vipimo vya afya ya diski (SMART). Nikasoma vipimo vya diski:

```
  5 Reallocated_Sector_Ct    0
197 Current_Pending_Sector   0
198 Offline_Uncorrectable    0
199 UDMA_CRC_Error_Count     0
```

Sifuri zote nne. Hakuna sekta iliyohamishwa, hakuna inayosubiri kuhamishwa, na hiyo ya 199 inayohesabu hitilafu za mawasiliano kati ya diski na ubao ilikuwa sifuri pia, kwa hiyo hata waya haukuwa na hatia. Kwenye `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, hapakuwa na mstari hata mmoja wa `I/O error`. Diski inayokufa hulia; hii ilikuwa kimya. Hata hivyo nilibadilisha waya, nikaendesha jaribio refu la diski lenyewe, nikasubiri karibu saa mbili, na likapita bila doa. Muda huo ulipotea kwa sababu sikutaka kuamini kilichoandikwa mbele yangu.

Ukaguzi usiogusa kitu, mara mbili

Nilichopaswa kuanza nacho nilikifanya baada ya chakula cha mchana:

```
e2fsck -fn /dev/sda2 > mara1.txt 2>&1
echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
e2fsck -fn /dev/sda2 > mara2.txt 2>&1
diff mara1.txt mara2.txt
```

`e2fsck` ndiyo fsck ya ext4. `-f` inalazimisha ukaguzi kamili hata kama mfumo wa mafaili umejitangaza kuwa safi. `-n` inafungua diski kwa kusoma tu na kujibu "hapana" kwa kila swali. Mstari wa pili haupaswi kurukwa: unaiambia kerneli itupe data ya diski iliyokwisha kuiweka kwenye RAM, ili ukaguzi wa pili usome upya kutoka kwenye diski na kutua mahali pengine kwenye RAM. Bila hivyo unaweza kusoma kosa lilelile lililogandishwa mara mbili ukadhani umethibitisha kitu.

Ukaguzi wa namna hii una mipaka. Hauchezi jonali, yaani daftari la mabadiliko ambayo hayajakamilishwa, hivyo baadhi ya malalamiko yake ni ya kazi iliyokatika katikati tu. Na ukiuendesha kwenye mfumo wa mafaili uliopachikwa na unaotumika, majibu yake si ya kuaminika kabisa. Lakini hapa hakuna aliyekuwa akiandika. Diski ilikuwa imetulia tuli. Mafaili mawili ya majibu yalipaswa kufanana herufi kwa herufi.

Hayakufanana. Karibu nusu ya makosa yalikuwa yaleyale, lakini mengine yalionekana kwenye ukaguzi wa kwanza tu, na mengine kwenye wa pili tu. Inodi iliyolalamikiwa mara ya kwanza ilikuwa salama mara ya pili.

Nilikaa nikiangalia ile `diff` kwa muda. Data iliyoandikwa kwenye diski haibadiliki yenyewe katikati ya chai moja na nyingine. Kama kinachosomwa kinabadilika na diski haijaguswa, basi kinabadilikia njiani au kinabadilikia pale kinapowekwa. Njia tulishaipima. Palibaki RAM.

RAM

Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Ipo `memtester` inayoendeshwa ndani ya Linux, ila haiwezi kugusa sehemu ya RAM ambayo mfumo wenyewe umeikalia, kwa hiyo haitoi hukumu ya mwisho. Haikuchukua dakika kumi, mistari myekundu ikaanza. Niliyoinakili ni hii, kwa sababu itarudi tena:

```
Good: ffffffff   Bad: ffbfffff   Err-Bits: 00400000
```

Mistari mingine yote ilitofautiana anwani, zote zikiwa zimebanana kwenye eneo moja, lakini safu ya mwisho ilikuwa ileile: 00400000. Ni biti moja tu katika neno la biti 32, biti ya 22 ukihesabu kutoka 0. Ukiandika 1 pale, unasoma 0. Ukiandika 0, unasoma 0. Imeganda.

Nikatoa RAM moja, nikajaribu; nikabadilishana, nikajaribu tena. Mbovu ikajulikana, na ubovu ukaifuata hata kwenye tundu la mwenzake. Nzima iliachwa ikipimwa usiku kucha, ikapita.

Sasa turudi nyuma tuone fsck ilikuwa ikifanya nini mara zile tatu. fsck haifanyi kazi moja kwa moja juu ya diski. Inasoma metadata, inaiweka kwenye RAM, inaichambua, inajenga ramani zake za bloki zilizotumika na zilizo huru, kisha inaandika marekebisho. Ukiiendesha kwenye RAM yenye biti iliyoganda, umemwita mganga mwenye homa kali aje apime wagonjwa: anaona magonjwa yasiyokuwepo, na dawa anazotoa ni za kweli.

Uamuzi wa pili: kazi ihamie mashine nyingine

Ningeweza kuendelea kwenye kompyuta ileile na RAM moja iliyopita mtihani. Sikutaka. Sikuwa na uhakika na ubao, na data hiyo isingevumilia bahati mbaya nyingine. Nikaichomoa diski, nikaipeleka kwenye kompyuta niliyoiamini, nikachukua nakala nzima kwa `ddrescue`:

```
ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map
```

Diski ikiwa nzima kama hii, `ddrescue` inapita mara moja tu na haina la ziada kuliko `dd`, amri ya kawaida ya kunakili, nimeizoea tu. Nikapiga `sha256sum`, inayotoa namba ya utambulisho wa yaliyomo, kwenye diski na kwenye nakala, zikalingana. Nikairudia kesho yake kwenye diski, namba ileile. Hapo ndipo niliporidhika kwamba ninasoma kitu kimoja. Diski halisi ikawekwa kabatini.

Nikaiunganisha nakala kwa `losetup -fP --show diski.img`, nikaendesha `e2fsck -fn` mara mbili kwenye `/dev/loop0p2`. Safari hii `diff` haikutoa chochote. Orodha ilikuwa fupi zaidi kuliko zote zilizotangulia, na ilikuwa imara. Hayo ndiyo yaliyokuwa makosa halisi ya diski. Mengine yote yalikuwa mazingaombwe ya RAM.

Kwa bahati mbaya, makosa halisi hayakuwa uharibifu wote. Uharibifu mwingine ulikuwa umeshatengenezwa na fsck kiasi kwamba haukuonekana tena kama kosa. Mfumo wa mafaili ulikuwa unakubaliana na nafsi yake mahali ambapo data ilikuwa imeshapotea. Kwa hiyo nikafungua picha za simu.

Faili moja, kwa karibu

Lahajedwali la hesabu, ambalo ndilo lililokuwa likililiwa kuliko yote, lilikuwepo. Jina lipo, ukubwa upo, baiti 97,412, tarehe sahihi. Lakini halifunguki. Nikaliuliza `file` ni kitu gani, ikajibu:

```
ELF 64-bit LSB shared object
```

Yaani lahajedwali limegeuka kuwa maktaba ya programu. Kwenye picha ya ukaguzi wa tatu kulikuwa na mistari hii, na majibu ambayo `-y` iliyatoa:

```
Inode 1835291 passes checks, but checksum does not match inode.  Fix? yes
...
Multiply-claimed block(s) in inode 786710: 3178497--3178520
Multiply-claimed block(s) in inode 1835291: 3178497--3178520
...
Clone multiply-claimed blocks? yes
```

Inodi ni kadi ya faili: ukubwa, mwenyewe, tarehe, na bloki ambamo data imelala. Katika ext4 yenye `metadata_csum` kila kadi ina cheksamu yake, kama lakiri juu ya bahasha. Mstari wa kwanza unasema: kadi inasomeka vizuri, ila lakiri haiendani na kilichomo. Mtu mwenye haraka anaona kwamba tatizo ni lakiri. "Fix" hapo maana yake ni kupiga lakiri mpya juu ya kadi jinsi ilivyo. Kama kadi yenyewe ndiyo iliyoghushiwa, umeshaiidhinisha, na hakuna ukaguzi utakaokuja kuishuku tena.

Mstari wa pili na wa tatu unasema mafaili mawili yanadai bloki zilezile 24. Kujibu "ndiyo" kwenye swali la mwisho ni kumpa kila mdai nakala yake. Inaonekana ni haki. Lakini mmoja wao hakuwahi kumiliki bloki hizo. Sasa ana nakala safi ya mali ya mwenzake, na mali yake mwenyewe imebaki bila mdai.

Mali hiyo iko wapi? Hapa hesabu ilifurahisha. Katika mfumo huu kila kundi lina inodi 8,192 na bloki 32,768. Inodi 1835291 ipo kundi la 224. ext4 hujitahidi kuweka data ya faili karibu na inodi yake, na kundi la 224 linaanzia bloki 7,340,032. Sasa faili hili linadai bloki 3,178,497, kundi la 97, mbali kabisa, katikati ya maktaba za mfumo. Nikaiandika namba hiyo kwa mfumo wa 16:

```
3178497 = 0x308001
```

Nikairudishia biti ya 22, ile ya Memtest, 0x400000:

```
0x308001 + 0x400000 = 0x708001 = 7372801
```

Kundi la 225. Jirani kabisa na nyumbani.

```
debugfs -R "testb 7372801 24" /dev/loop0p2
```

Amri hiyo inauliza kama bloki hizo zinatumika, na jibu likawa: zote 24 hazina mwenyewe. Nikazisoma:

```
dd if=/dev/loop0p2 bs=4096 skip=7372801 count=24 | head -c 97412 > jaribio.ods
```

(Mara ya kwanza nilisoma kutoka `/dev/loop0` badala ya `/dev/loop0p2`, nikapata takataka na moyo ukashuka. Namba za bloki za ext4 huhesabiwa kutoka mwanzo wa sehemu, si mwanzo wa diski.)

Mwanzoni mwa kilichotoka kulikuwa na herufi mbili, `PK`, na hatua chache mbele yake `application/vnd.oasis.opendocument.spreadsheet`. Lahajedwali la aina hii ni zip, na neno hilo huandikwa mwanzoni bila kubanwa. `unzip -t` ikalipitisha lote bila kosa. Nikalifungua. Hesabu zote zilikuwa mahali pake, hadi mstari wa mwisho ulioandikwa siku mbili kabla ya tatizo.

Kuna swali ambalo msaidizi aliniuliza na lilikuwa zuri: siku biti hiyo inabadilika, hakuna aliyekuwa amefungua lahajedwali. Limeguswaje? Inodi ina baiti 256, bloki ina baiti 4,096, kwa hiyo kadi 16 hukaa kwenye bloki moja. Mtu akibadilisha faili jirani, kerneli inasoma bloki nzima kwenye RAM, inabadilisha kadi moja na cheksamu yake, na inarudisha zote 16. Kama bloki hiyo ilitua kwenye eneo bovu, kadi ya jirani inarudi diskini na biti iliyokufa na lakiri yake ya zamani. Ndiyo maana cheksamu haikulingana, na ndiyo maana kosa lilionekana kwenye faili ambalo halina kesi.

Mengine yalivyokwenda

Faili la pili lenye dalili hizohizo halikuwa na bahati. Nilipiga hesabu ileile, nikapata mahali lilipokuwa, lakini bloki zile zilikuwa zimeshagawiwa kwa kitu kingine katika ile nusu siku ambayo kompyuta iliwaka na watu wakaendelea na kazi. Hilo lilipatikana kutoka kwenye nakala rudufu, la zamani kwa wiki tatu.

Folda moja ilikuwa imeharibika katikati. fsck iliuliza `Salvage?`, ikajibiwa ndiyo, majina yakatupwa, na mafaili yake yakaingizwa `lost+found` yakiwa na majina kama `#1835302`. Hayo ni rahisi kuyarudisha ukiwa na subira: data yake nzima ipo, kilichopotea ni jina. `file lost+found/*` ilitenganisha picha, nyaraka na PDF; watumiaji wenyewe wakakaa siku nzima wakiyafungua na kuyataja upya.

Makosa yaliyobaki kwenye nakala niliyarekebisha kwa mkono, swali kwa swali, na kabla ya kuanza niliandaa njia ya kurudi:

```
e2fsck -f -z /kazi/rudi.e2undo /dev/loop0p2
```

Chaguo la `-z` linahifadhi kila bloki kabla haijabadilishwa. Nililihitaji mara moja. Nilijibu ndiyo kufuta inodi niliyodhani ni uchafu, nikagundua baadaye kwenye picha kwamba ilikuwa na ukubwa na tarehe zenye maana, nikarudisha yote kwa `e2undo /kazi/rudi.e2undo /dev/loop0p2` na kuanza tena.

Programu za mfumo sikuzihangaikia. Maktaba zinaweza kuwekwa upya. Kuzikagua moja moja ili kujua ipi imeguswa na biti ni kazi isiyo na faida. Linux ikasakinishwa upya kwenye RAM mpya, kazi za watumiaji zikarudishwa juu yake.

Nakala rudufu nayo tuliikagua, na hapo tukapata la kushangaza kidogo: katika nakala ya mwisho, mafaili mawili ya zip yalikataa `unzip -t`, wakati nakala za mwezi uliotangulia zilikuwa nzima. Data ya mafaili hupita kwenye RAM wakati wa kunakiliwa, na cheksamu za ext4 hulinda metadata tu, si yaliyomo ndani ya faili. Nakala zote za kipindi kile cha kivinjari kujifunga ziliwekwa alama ya kutoaminika, lakini hazikufutwa.

Uchambuzi

Picha za simu zilikuwa uamuzi bora kuliko wote, na hazikuwa zangu. Bila namba 3178497 nisingekuwa na mahali pa kuanzia, kwa sababu baada ya fsck kutoa nakala, inodi ilikuwa ikielekeza kwenye bloki mpya kabisa na ushahidi wa ile ya kwanza ulikuwa umefutika. Ukiwa kwenye `(initramfs)` na huna pa kuhifadhi majibu, kamera ya simu ni chombo halali cha kazi.

`fsck -y` ya kwanza sitailaumu sana. Mtu aliona maagizo yanayosema "endesha fsck", akaendesha. Ya pili na ya tatu ndizo zenye swali. Mfumo wa mafaili uliorekebishwa na ukaharibika tena ndani ya saa chache, bila umeme kukatika wala kuzimwa ghafla, hauna tatizo la mfumo wa mafaili. Kuna kitu chini yake kinachouharibu. Kuurekebisha tena ni kudeki sakafu huku bomba likivuja. Na kwenye kisa hiki kila deki ilikuwa ikimwaga maji zaidi.

Watu wengi, na maelekezo mengi unayokutana nayo, huchukulia fsck kama chombo cha kuokoa data. Sivyo ilivyo. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na nafsi yake ili uweze kupachikwa salama, na ikilazimika kuchagua kati ya makubaliano hayo na faili lako, faili lako linakwenda. Imelitimiza jukumu hilo hapa kikamilifu: baada ya ukaguzi wa tatu inodi 1835291 haikuwa na kosa hata moja, na hesabu za watu hazikuwepo.

Upande wangu, nilipoteza nusu siku kwenye diski. Sifuri nne za SMART si uthibitisho kwamba diski ni nzima, zipo diski zinazokufa na vipimo vizuri, lakini zikichanganywa na `dmesg` isiyo na `I/O error` zilitosha kunigeuza uso. Ukaguzi wa `-fn` mara mbili ulichukua chini ya dakika ishirini na ndio uliotoa jibu. Sasa huwa nauendesha kabla ya yote, hata pale ninapodhani najua. Ukitoa majibu yanayofanana, nahamia kwenye diski na waya. Yakitofautiana, Memtest kwanza na hakuna kuandika chochote kwa mashine hiyo.

Hesabu ya biti ilifanikiwa kwa sababu biti ilikuwa moja, iliyoganda, na faili lilikuwa limelala mfululizo kwenye bloki 24. Faili lililokatwakatwa vipande kumi lisingerudi hivyo. RAM yenye ECC, inayotumika kwenye seva, ingeirekebisha biti hiyo moja yenyewe na kuandika taarifa. Kompyuta hii haikuwa nayo, na ubao wake usingeikubali.

Diski halisi bado ipo kabatini, haijaandikwa kitu tangu ichomolewe. Msaidizi amebandika karatasi juu yake: "USIWASHE", na chini yake, kwa herufi ndogo, `-fn`.